Mbavu za Mgeni

Asubuhi hiyo moto wa bucha iliyo chini ya fleti ya Murugi haukuwashwa. Murugi mwenyewe alikuwa amemsihi mwenye bucha asiuwashe, kwa kuwa kampuni ya mikopo haikuwa ikimkopesha mtu kununua fleti iliyo juu ya jiko la nyama choma. Na mzungu mwenye jengo alikuwa anauza arudi kwao. Mpangaji asiyenunua, atoke.

Sasa afisa wa kampuni alikuwa akigonga kuta zilizopakwa chokaa jana kufunika masizi. Aligonga, akanusa, akatabasamu.

"Hii nyumba iko sawa, mama," akasema, akifungua kalamu. "Lakini mimi niko na njaa! Tangu Nanyuki sijatia kitu mdomoni."

Jikoni mlikuwa na chai ya rangi tu. Kwa mama yake Murugi, mgeni hakuwahi kutoka na njaa, hata awe mkusanya kodi. Kabla hajafikiri, Murugi alikuwa ameinama dirishani akimwita mwenye bucha.

"Mzee! Washa moto, mchomee mgeni wangu mbavu!"

Moshi ulipanda polepole, ukaingia dirishani, ukatanda juu ya chokaa mpya. Afisa aliutazama, akafunga kalamu. Nyama ikaletwa.

"Nyama tamu," akasema, akitafuna. "Lakini nyumba ya moshi hatukopeshi, mama. Ati ulidhani hatutajua?"

Akanyoosha mkono uliojaa mafuta.

"Uko na chumvi?"

Murugi akaenda kuileta.