Bakuli Lililorudi Tupu

Bakuli lilirudi kutoka hospitali likiwa tupu, na Abigaël akafurahi. Mama yake alikuwa amekula samaki wote mpaka kichwa, na kichwa cha samaki, Mama Hortense hakuwahi kukigusa tangu amzae binti huyu. Labda ni dawa zilizombadilisha ulimi.

"Iko namna gani?" alimuuliza baba yake.

Papa Clément aliweka bakuli mezani, akavua viatu polepole. "Maumivu ilikwisha," alisema. "Lakini banakatala kumutosha kule. Banasema tulipe yote kwanza."

Hilo halikumshangaza Abigaël. Katika mji huu mtu anaweza kupona na bado akashikiliwa wodini mpaka familia yake imalize bili, na kila kukicha bili inaongezeka.

"Abi," baba aliendelea, macho yakiwa kwenye viatu. "Ile makuta ya mu kopo. Minakuomba."

Abigaël alikuwa amelisubiri neno hilo. Kopo la maziwa lilikuwa chini ya kitanda chake, limejaa pesa alizopata kwa kusuka nywele za watu kila Jumamosi. Zilikuwa za kujiandikisha chuo kikuu. Akiba yake ya kwanza aliichukua baba, akaapa kuirudisha mara mbili, akaenda nayo mpakani Kasumbalesa kununua unga, akarudi mikono mitupu na hadithi ndefu kuhusu forodha. Siku ile Mama Hortense alimkalisha binti yake chini, akamwekea mkono kichwani, akamwapisha: pesa hizi usimpe mtu, hata nikija mimi mwenyewe kuziomba kwa machozi.

"Shiwezi, Papa. Mama aliniapisha."

"Minajua."

"Basi abakie kule kidogo. Iko na kitanda, anakula. Nikimaliza examen tutatafuta njia."

Papa Clément alivaa tena viatu vyake. "Hata miye aliniapisha," alisema, akatoka nje.

Baba yake aliapa kwa urahisi, kama mtu anayepiga chafya. Lakini usiku huo Abigaël hakupata usingizi, akajichukia kwa jinsi alivyokuwa na moyo mgumu.

Mtihani wa serikali ulianza kesho yake. Mama mukubwa Régine, dada ya mama yake, alikuwa amefika kutoka Kasenga na mizigo mingi kuliko ya mtu anayekuja kumtazama mgonjwa. Alitandika mkeka sebuleni. Papa Clément naye alitandika wake pembeni, juu ya saruji, wakati baridi ya Juni inawafanya watu waingize majiko ndani.

"Papa, kitanda iko bule," Abigaël alimwambia.

"Iko mukubwa sana bila mama yako."

Aibu inamla, Abigaël alijisemea. Mwanaume mzima ameshindwa kumtoa mke wake hospitali.

Alipoomba kwenda kumwona mama, walimkatalia wote wawili. Amalize kwanza, walisema, ndivyo mama yake anavyotaka. Hata Mama Christiane wa jirani, ambaye redio yake huamsha avenyu nzima, aliizima wiki ile yote na kumletea mayai ya kukaanga. Abigaël alishukuru kwamba watu wanamwacha asome. Kila asubuhi alipika kabla ya kwenda mtihanini, kila jioni bakuli likarudi tupu.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho alimkuta Mama Régine anapiga pasi kitenge cha mama yake, kile cha kanisani.

"Ya nini?"

"Leo tunaenda kubembeleza tena mukubwa wa hospitali," Mama Régine alisema bila kuinua kichwa. "Akikubali, atavaa hii."

Kitenge hicho kilimvunja Abigaël nguvu. Alikaa mtihanini anajibu maswali huku anamwona mama yake akibembelezewa kama mwizi aliyekamatwa. Chuo kitasubiri. Mama atakasirika kwamba kiapo kimevunjwa, atagomba mwezi mzima. Na agombe, lakini agombee nyumbani.

Kengele ilipolia, wenzake walimmwagia unga kichwani, kama ilivyo desturi ya waliomaliza, wakacheza uani. Yeye alikimbia nyumbani, akachukua kopo, akapanda pikipiki mpaka hospitali, unga bado uko kwenye nywele. Alitaka mama auone.

Mwanamke wa kwenye kaunta ya malipo alihesabu pesa, akapiga muhuri. Zilitosha.

"Niende kumutosha mu salle gani?"

"Pita kule nyuma, karibu na tanki ya maji. Baba yako iko kule."

"Salle ya banamuke iko huku mbele," Abigaël alisema, akionyesha mlango wa wodi.

Mwanamke alitazama unga kwenye nywele zake, kisha akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Enda tu, mutoto," alisema.

Nyuma ya tanki palikuwa na nyumba ndogo yenye mlango wa chuma, haina dirisha. Mlinzi wa mlango alikuwa amekaa juu ya tofali anakula kutoka bakuli la mama yake. Alikuwa amefikia kichwa cha samaki. Papa Clément na Mama Régine walikaa kwenye benchi, kitenge kimekunjwa katikati yao.

Baba aliuona unga, akasimama.

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza, Papa. Na nililipa yote."

Papa Clément alimgeukia shemeji yake.

"Mama Régine," alisema, "sasa unaweza kulia."