Kifaa Namba Moja

Ukitaka kusema jambo la siri katika kampuni ile, ulikwenda kulisema mbele ya mwenye kampuni.

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Mzee alichomoa waya sikioni, akatoa mfukoni mwa shati kiboksi chake cheusi, akakilaza mezani juu ya kitambaa safi. Kisha aligeuza kiti kuelekea dirishani, akawapa watu mgongo, akasinzia. Hapo hata ungepiga ngoma. Ofisi nyingine zilikuwa na kuta nyembamba na watu wenye masikio marefu. Ya Mzee ilikuwa na kiziwi tu.

Kiboksi chenyewe kila mfanyakazi alikijua. Ndicho kifaa namba moja, mama wa vifaa vyote vya kusikia vilivyotoka kiwandani. Kitabu cha historia ya kampuni, ambacho kingezinduliwa Jumamosi, kilianza nacho: kijana fundi redio, jenereta ikalipuka jirani yake, masikio yakaziba, naye akajitengenezea sikio jipya kwa vipuri vya redio mbovu. Akapita nalo nyumba kwa nyumba akiuza mengine. Watu walinunua kwa kuwa muuzaji mwenyewe alikuwa kiziwi. Nani anunue dawa ya upara kwa asiyewahi kuwa na upara? Kitabu kilimsifu pia kwa uadilifu. Tangu kampuni ianze hakuwahi kuchukua hata betri moja ya stoo, wala kumsumbua fundi yeyote amtazamie kifaa chake.

Mkurugenzi, mwanawe wa kwanza, hakuwa na haja na historia. Alitaka kuiuza kampuni. Jumamosi hiyo hiyo Mzee angemtaja mrithi, na mkurugenzi hakujua kama ni yeye au mdogo wake wa kike anayesimamia kiwanda. Mvi zilikuwa zimeshamtoka, na bado watu walimwita mtoto wa Mzee. Jina hilo lilimuuma sana. Mnunuzi alikuwa tayari. Kilichobaki ni kumweka Mzee pembeni mapema.

Lakini kila alichopanga kilivuja.

Yeye na shemeji yake mhasibu, kaka wa mkewe, walikubaliana mle mle ofisini kwa Mzee kumfukuza fundi mkuu. Kesho yake Mzee akampandisha cheo mbele ya kiwanda kizima. Wakapanga kuiambia bodi kwamba Mzee ameanza kupoteza kumbukumbu. Mzee akaingia kikaoni ameongozana na daktari, ajenda hata haijasomwa. Mnunuzi naye akaja kukagua kwa siri, kupitia lango la nyuma. Akamkuta Mzee amesimama pale pale langoni, anatabasamu, anamkaribisha chai.

Mkurugenzi akamshuku katibu muhtasi wake, akamwachisha kazi. Maskini dada wa watu aliondoka analia, na siri zikaendelea kuvuja. Akaacha kuzungumza hata na mkewe. Mwishowe akaanza kumtazama shemeji yake kwa jicho la pembeni, na Alhamisi, Mzee akiwa amewapa mgongo kama kawaida, uvumilivu ukamwishia.

"Shemeji, tulikuwa wawili tu humu ndani."

"Watatu," mhasibu akasema.

"Huyo?" Mkurugenzi alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira. "Huyo ni gunzi tu. Mahindi yalishaliwa zamani."

Mzee alikoroma kidogo dirishani.

"Simsemi yeye. Nakisema hicho," mhasibu akanong'ona, akikionyesha kiboksi kwa kidevu.

Mkurugenzi akakigeukia kiboksi. Fundi mkuu alikuwa anatengeneza maikrofoni ndogo kuliko punje ya mtama; angeshindwaje kutega moja humo? Kiboksi kinalala mezani, wao wanamwaga siri zote, na mtu yuko karakana anasikiliza kila neno. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa mfukoni mwa shati la baba yake.

Ijumaa aliingia peke yake, bisibisi ndogo mfukoni. Alisubiri waya utoke sikioni, kiboksi kilale kwenye kitambaa, kiti kigeuke. Akafunga mlango kwa ufunguo, akaanza kazi.

Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, akazilazimisha. Jasho lilimtoka. Alijiambia kwamba akiipata hiyo maikrofoni tu, kesho ataiweka mbele ya bodi, fundi mkuu atakwenda jela, na Mzee mwenyewe atamwangukia mwanawe kwa shukrani. Skrubu ya mwisho ilimponyoka, ikagonga sakafu, ikabingirika. Hakuijali. Mfuniko ulikuwa umefunguka.

Maikrofoni haikuwemo. Betri haikuwemo, wala mahali pa kuitia. Waya wa sikioni uliingia kwenye tundu, ukaishia hapo hapo kwa fundo, kama uzi wa kifungo. Ndani ya kiboksi kulikuwa na kipande cha mbao tu, kimechongwa vizuri ili kukipa uzito.

Alikitazama kile kipande cha mbao, akakigeuza, akakitazama tena.

"Skrubu imeingia chini ya kabati," Mzee alisema kule dirishani, bila kugeuka. "Iokote, mwanangu. Hata gunzi huwasha moto."