Tumbo la b

"Huyu ni kichwa maji, mwalimu," mama alisema, binti yake amesimama papo hapo. "Herufi b na d tu zinamshinda! Sijui kamrithi nani."

Mwalimu hakucheka. Alimsogezea karatasi. "Andika jina lako hapa, mama, kuonyesha kwamba umefika."

Mama alikuwa fundi cherehani. Mkono wake haukuwahi kutetemeka juu ya kitambaa. Sasa kalamu ilimteleza kwa jasho. Aliandika polepole, kisha akaitazama b ya jina lake. Tumbo la herufi lilikuwa limegeukia nyuma, ikawa d.

Mwalimu aliinama asome.

Kiganja kidogo chenye wino kikatua juu ya jina, kikalifunika lote.

"Samahani, mwalimu," binti alisema haraka. "Naomba karatasi nyingine. Hii nimemchafulia mama."