Maoni ya Msomaji wa Nne

Maktaba ya mji ilikuwa na desturi ya kubandika karatasi nyuma ya kila riwaya, wasomaji waandike maoni yao. Sikudhani alipoimaliza ile ya mwanamke aliyemlea mtoto wa dada yake na kumficha ukweli, akaigeukia karatasi.

"Inasisimua," aliandika wa kwanza. "Mwisho niliubashiri mapema," akajigamba wa pili. Wa tatu eti hakulala siku mbili.

Wa nne aliandika: "Mwandishi hajui kitu. Ukipewa mtoto ana siku tatu, hata kitovu hakijadondoka, utaanza wapi kumwambia?"

Siku tatu? Mtoto wa riwayani alichukuliwa akiwa na miaka miwili.

Sikudhani akautazama mwandiko. Kila herufi t ilikatwa kwa mstari mrefu uliofunika neno zima, kama mama yake alivyoandika majina kwenye makopo yake ya viungo.

"Mama, umewahi kuazima riwaya maktaba?"

"Mimi na riwaya wapi na wapi!" mama alijibu kutoka jikoni, akitwanga kitunguu saumu.

"Hii ya mtoto aliyelelewa na mama yake mdogo."

Mchi ukanyamaza. Ulipoanza tena, ulilia kama unaotwanga kinu kitupu.