Beti Saba za Mkate

Jua la sayari ile lilikuwa zee, jekundu, limejaa nusu ya anga. Kila baada ya siku mia nne lilivimba, kisha likanywea, na likivimba wanawake walioka mikate kwa joto lake, kwenye vizingiti vya madirisha. Kulipima joto hilo ilikuwa kazi ya Idara peke yake. Raia aliyekutwa na kipimajoto alichukuliwa asirudi. Kwa hiyo wanawake walipima mkate kwa wimbo. Beti saba, mkate umeiva.

Msimu ule mkate wa Raya uliungua kwenye ubeti wa sita.

“Umepitiwa, mwanangu,” alisema Bi Mgeni, mama mkwe wake.

“Sikupitiwa, mama. Nimeimba vile vile ulivyonifundisha.”

“Idara imesema jua ni lile lile.” Bi Mgeni alikwangua masizi kwa kisu, akakwangua hata pasipokuwa na masizi. “Basi kosa ni lako.”

Kesho yake ubeti wa tano haujaisha, harufu ikampiga Raya puani. Akauopoa mkate, akainua macho. Mtaa mzima wanawake walikuwa wameshapakata mikate yao, na bado wanaimba kwa sauti, mpaka ubeti wa saba, bila kutazamana. Naye akaimba.

Baadaye alimkuta Bi Mgeni jikoni, amempakata mjukuu wake, akimfundisha wimbo wa mkate kwa kunong'ona. Raya alisimama mlangoni akihesabu.

Ulikuwa na beti nne.