Vigelegele vya Majirani

Timu ya Kichakani ilikuwa karibu kushuka daraja, na siku hiyo mashabiki walikuwa wakichagua meneja mpya.

"Fisi! Fisi!" alipiga kelele Kasuku. "Ameongoza timu nyingi kuliko madoa yake! Uzoefu hauuzwi dukani!"

"Mbona zote ameziacha?" aliuliza Bata.

"Nyamaza, mama vifaranga! Mpira unaujua wewe?"

Mara wakafika mbio mashabiki wa timu ya jirani, anakotoka Fisi, kwa ngoma na vigelegele. "Mchukueni! Mchukueni!"

Kasuku akaruka kwa furaha. "Mnaona? Hata wapinzani wanamkubali! Anayemtaka anyooshe bawa!"

Mabawa na makucha yakapanda juu. Bata yeye alimwona Mbuzi, mpiga ngoma wa wageni, akihema kwa kiu, akampelekea maji. Mbuzi akanywa yote, kisha akaona haya.

"Dada, wema wako umenishinda. Hatumsifu Fisi. Tunashangilia kwa kuwa anatuondokea."

"Jamani, shusheni mabawa!" Bata akalia, akawaeleza.

Yakashuka yote, isipokuwa la Kasuku. "Lakini uzoefu anao!"

"Anao, ndugu yangu," akasema Bata. "Uzoefu wa kuagwa kwa vigelegele."