Kiti Kando ya Mashine ya Joto

"Huu ufagio gani mmeniletea?" mama wa usafi aliuliza, akiinua mpini uliobaki na nyuzi chache kama kidevu cha mbuzi. "Wa juzijuzi tu, tayari umekwisha!"

"Vitu vya siku hizi, mama," Bi Kuvu alijibu bila kugeuka. Alikuwa na yake.

Jina hilo wenzake walimbandika kwa sababu moyo wake wote ulikuwa kwenye chupa za kuvu. Kuvu hiyo ilitoa maji ya kahawia yenye vimeng'enya vya kutafuna mabua ya mahindi mpaka yageuke sukari. Sukari ikichachushwa, gari linapata mafuta. Kwa maneno, kazi ilikuwa mteremko. Ila mabua yaligoma. Kila jioni aliyatumbukiza kwenye maji yale, akayaacha mezani penye baridi, na kila asubuhi aliyakuta yamejilalia mazima. Kwa hasira alimwaga yote kwenye ndoo, akaanza upya. Subira hakujaliwa, hata chai aliinywa ikimuunguza ulimi.

"Ya leo nayo unayatupa?" mama wa usafi aliuliza, akisogeza ndoo.

"Tupa, mama. Hayana kazi."

"Nani kasema? Yana povu hayo! Mimi ndiyo nasugulia sakafu, nafutia na viti."

Bi Kuvu akacheka, japo hakuwa na hamu ya kucheka.

Mkurugenzi akaingia, pande la mtu, akachungulia chupa. Bua halikuwa limepungua hata chembe.

"Binti yangu, nimekuvumilia vya kutosha," alisema kwa upole. "Leo nafunga maabara hii."

Machozi yalimlengalenga Bi Kuvu. Miaka yake yote ya ujana ilikuwa humo ndani. Akajikaza, maana adabu ni adabu.

"Basi angalau uketi kidogo, mzee."

Akamvutia kiti cha matete kilichokaa siku zote kando ya mashine ya joto ya kukuzia kuvu. Mkurugenzi akashusha pumzi, kisha akashusha uzito wake wote.

Kiti kikamomonyoka chini yake, naye akatua sakafuni miguu juu.

Mama wa usafi alipiga yowe, watu wakaja mbio kumwinua mzee. Bi Kuvu aliwapita, akaokota mguu wa kiti, akaulamba.

Ulikuwa mtamu.